Sehemu ya kuandika ya IELTS imegoma kwenye 6: pa kuanzia kutafuta tatizo

Kusikiliza 7.5, kusoma 7, kuandika 6, kuzungumza 7. Watu hunitumia kwa WhatsApp picha za matokeo yao ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, na siku hizi macho yangu huenda yenyewe kwenye alama ya tatu, maana ndiko msiba uliko. Ukijumlisha hizo nne na kugawa unapata 6.875, inakwezwa hadi 7, na mwenye matokeo anaona jumla ya 7 anashangilia. Halafu anakumbuka kwamba muuguzi anayeomba kusajiliwa Uingereza haangaliwi jumla peke yake. Anatakiwa awe na 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Amekosa nusu bendi (bendi ndilo jina la hizo alama), na ada ya mtihani ndiyo imeshakwenda.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kitabu kipya cha msamiati, au huanza kuandika insha moja kila usiku kwa miezi miwili. Wanarudi na 6 ileile. Mimi mwenyewe niliipata mara mbili, mpaka mtu mmoja akaniambia niache kuandika mpya, nizisome zile za zamani. Nilizisoma. Zote zilikuwa insha za kidato cha nne zilizovaa tai.

Kwa hiyo haya maelezo yanaanza na dalili, halafu tunatafuta chanzo. Usisome yote kama hayakuhusu. Nenda kwenye malalamiko yanayofanana na yako.

Kabla ya yote, jua panapouma

Mtihani wa kuandika wa IELTS Academic ni dakika 60 na una kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza grafu, jedwali, ramani au mchoro wa hatua za kazi fulani, kwa maneno yasiyopungua 150. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, nayo ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza. Kila kazi hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: umelijibu swali kwa kiasi gani, mawazo yanavyofuatana na kushikana, msamiati, na sarufi. Wenye mtihani wameyaweka hadharani maelezo ya kila bendi kwa kila kigezo. Yapakue uyasome, hata kama yanasinzisha.

Sasa chukua insha zako tatu ulizoziandika ukiwa umeweka saa, zilizolala angalau wiki moja ili uzione kwa jicho la mgeni. Soma kila moja mara nne, kila mara kwa kigezo kimoja na kalamu ya rangi yake. Rangi itakayojaa ndiyo itakayokuambia uanze wapi. Msamiati ndio kila mtu huushuku kwanza, na kwa watu niliokaa nao, mara nyingi ndio wenye wino mdogo kuliko vyote.

“Nimeandika maneno 320, Kiingereza safi, halafu eti sijajibu swali”

Hapa ndipo tai inapoonekana. Tuseme swali linasema hivi: serikali itumie fedha kujenga reli kuliko barabara, unakubali kwa kiasi gani? Mtu aliyesoma Tanzania anaanza: “Transport is the movement of people and goods from one place to another.” Aya ya pili inafungua na “The following are the advantages of railways”, zinafuata hoja tano za mistari miwili miwili, na mwishoni serikali inashauriwa kuwaelimisha wananchi juu ya umuhimu wa reli. Kama umecheka, ni kwa sababu umeiandika.

Haikuwa makosa wakati ule. Kwenye mitihani ya shule, maana ya dhana ina alama yake, kila hoja ina alama yake, na hoja sita ni bora kuliko tatu. Tulifundishwa kuhesabu. Msahihishaji wa IELTS hahesabu hoja. Anatazama kama msimamo wako unaonekana, kama kila sehemu ya swali imeguswa, na kama hoja ulizoleta umezikuza zikasimama. Hoja tano zisizo na nyama ni mifupa mitano. Na lile swali halikuuliza faida za reli popote. Liliuliza unakubali kwa kiasi gani.

Jirani zetu wa Kenya wana ugonjwa wa pili. Waliopita kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2023, wengi walizoezwa kwamba insha nzuri ni ile iliyopambwa: inafunguka na “Since time immemorial”, moyo unaruka pigo, jua linachomoza kwa mbwembwe. Mapambo hayo kwenye insha ya kitaaluma yanafanana na mtu aliyekuja kwenye kikao cha bajeti na ngoma.

Tiba yake ni ya ajabu kidogo: lijibu swali kwa Kiswahili kwanza. Sentensi moja, kama vile abiria wa pembeni kwenye daladala amekuuliza. “Nakubali, ila si kwa nchi ambayo vijiji vyake havijapata hata barabara ya changarawe.” Umemaliza kazi ngumu. Una msimamo, una mpaka wa msimamo, na una aya mbili tayari: moja ya kwa nini unakubali, nyingine ya hiyo “ila”. Iandike sentensi hiyo kwa Kiingereza iwe mwisho wa utangulizi wako. Kila aya inayofuata itetee kipande chake, na aya isiyotetea chochote ifutwe hata kama ina maneno mazuri.

Kukuza hoja nako kuna njia rahisi. Andika hoja, halafu jiulize maswali ya mtoto: kwa nini, kama nini, kwa hiyo? Reli husafirisha mizigo mizito kwa gharama ndogo. Kwa nini? Treni moja hubeba mzigo wa malori mengi. Kama nini? Shaba, saruji, mahindi. Kwa hiyo? Malori yakipungua, barabara hazichimbiki upesi na fedha za kuzikarabati zinabaki kwa kazi nyingine. Hiyo ni aya nzima kutoka hoja moja. Hoja mbili za namna hii zinakutosha kabisa.

Kuna swali lingine linalowanasa watu: jadili maoni yote mawili kisha toa lako. Wanajadili yote mawili vizuri, na maoni yao yanatokea kwenye mstari wa mwisho kama abiria aliyedandia basi likiwa linaondoka. Msimamo uanze kwenye utangulizi na usikike njia nzima.

Na zile sentensi za kukariri, kama “This is a highly controversial issue in today's modern world”? Zitupe. Wasahihishaji wamefundishwa kuzitambua, na hata maneno unayoyanakili kutoka kwenye swali hayahesabiwi kuwa yako. Mtu anadhani ameandika 260, kumbe yake ni 225.

“Grafu nimeeleza kila namba, bado kazi ya kwanza inaniangusha”

Umekuwa mtangazaji wa mpira wa redioni anayetaja kila pasi lakini hasemi nani kashinda. Kinachokosekana ni picha ya jumla, yaani sentensi mbili zinazosema jambo kubwa kwenye mchoro mzima bila kutaja namba hata moja. Maelezo ya bendi yako wazi hapa: bila picha ya jumla inayoeleweka, kigezo cha kwanza huishia kwenye 5 hata kama namba zako zote ni sahihi. Iweke mara tu baada ya sentensi ya utangulizi. Kwa mfano: “Overall, coal use fell steadily while gas rose, and by the end of the period gas was the main source.” Ukishindwa kuipata, ondoa macho kwenye karatasi, mwambie mtu kwa mdomo grafu inasema nini. Utakachomwambia ndicho hicho.

Chanzo kingine ni kueleza sababu. Umeme umepanda kwa sababu serikali imejenga mabwawa: nani kakwambia? Haipo kwenye mchoro, haimo kwenye jibu. Kwa ramani na michoro ya hatua mambo ni hayohayo, ila vitenzi vya kutendwa vitafanya kazi zaidi.

“Sarufi naijua, lakini ndiyo inayonishusha”

Ili ufike 7 kwenye sarufi, sentensi zisizo na kosa lolote zinatakiwa ziwe za kawaida kwenye karatasi yako. Kwa hiyo kosa dogo linalojirudia mara kumi linauma kuliko kosa kubwa la mara moja. Na makosa yetu yanayojirudia yana mama mmoja. Ni Kiswahili kinachopumua chini ya Kiingereza.

Tazama “tatizo ambalo watu wanalikabili”. Ndani ya kitenzi kuna -li- inayolirudia tatizo. Ihamishe kama ilivyo unapata “the problem which people face it”. Hiyo “it” ni -li- yetu iliyopanda ndege bila pasipoti. Ifute. Ndugu yake ni “young people they need jobs”, ambapo “they” imetoka kwenye wa- ya “vijana wanahitaji”. Kiswahili kinadai kiambishi hicho. Kiingereza kinaona mtenda mmoja ametajwa mara mbili.

“Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulifika” kwetu husemwa na watu hawashtuki. Kwa Kiingereza chagua mmoja, “although” au “but”. Wakikaa wote wawili kwenye sentensi moja, msahihishaji anaona kosa.

Halafu kuna -me-. “Amefika jana” haituumizi sikio, kwa sababu -me- yetu inaangalia kwamba jambo limekamilika na inakubali kukaa na jana. “Has” ya Kiingereza haikai na wakati uliokwisha. Kwenye kazi ya kwanza, yenye miaka kila mstari, mtu anaandika “In 2005 sales have risen” na kosa hilo analirudia mara sita kwenye ukurasa mmoja. Ukiona mwaka uliopita umetajwa, kitenzi kiwe “rose”, “fell”, “remained”. Basi.

“Kwa” nayo ni mzigo. Neno letu moja linafanya kazi ya maneno yao mengi, ndipo tunapopata “increased with 20%”. Kupanda kwa kiasi fulani ni “by”, kupanda hadi kiwango fulani ni “to”: kutoka 40 hadi 60 ni “rose by 20” au “rose to 60”. Ukikosea hapo hujakosea sarufi tu, umetoa taarifa ya uongo kuhusu grafu.

Kwa kuwa sisi tuna kifaa na vifaa, “equipments” inatujia bila kuitwa, na nyuma yake “informations” na “advices”. Ugumu ni kwamba maneno haya tunayaona kila siku kwenye barua za ofisini na mbao za matangazo, hivyo sikio halitakuonya. Yaandike kwenye kadi na uyakariri kama nambari ya simu. Kwenye kadi hiyohiyo ongeza “can be able to” (chagua moja, “can” au “be able to”) na “on my side I think”, ambayo ni “kwa upande wangu” iliyovuka mpaka.

Mwisho kabisa a, an na the, ambazo Kiswahili hakina na ndiyo maana hatuzioni zinapokosekana. Vitabu vina kurasa nyingi za kanuni. Mimi huwapa watu moja: nomino ya umoja inayohesabika isitembee uchi. Mbele yake pawe na a, the, this, my, chochote. “Government should build road” ina nomino mbili zilizo uchi. “The government should build a road” imesitirika. Kanuni hii haimalizi mambo yote, ila ukiipitisha kwenye insha moja ya zamani utashangaa kiasi cha wino utakachotumia.

Usijaribu kutibu yote kwa pamoja. Weka daftari la makosa, chagua matatu yanayokutesa zaidi, na dakika nne za mwisho za kila insha yatafute hayo matatu tu, sentensi kwa sentensi. Yakikauka, chukua matatu mengine. Muuguzi mmoja niliyekaa naye aliandika yake pembeni mwa karatasi kila alipoanza zoezi: it, the, have. Herufi tisa. Alifika mahali akawa anayakamata kabla kalamu haijayaandika.

“Viunganishi vyote nimeviweka”

Ndilo tatizo lenyewe. “Moreover”, “Furthermore”, “In addition”, kila sentensi ina kofia. Maelezo ya bendi yanataja waziwazi matumizi ya kupita kiasi. Mawazo hushikana kwa kurudia jambo la sentensi iliyotangulia kwa neno jingine: “Malori huharibu barabara. Uharibifu huo…” Hiyo “uharibifu huo” ina nguvu kuliko “Furthermore” tatu. Na “Conclusively” haimaanishi “kwa kumalizia”. Andika “In conclusion”.

“Muda unaniishia”

Dakika 20 kwa kazi ya kwanza, 40 kwa ya pili, na hakuna atakayekukumbusha ubadili. Kama wewe ni wa kunogewa na grafu, anza na insha. Inaruhusiwa, na ndiyo yenye uzito. Dakika tano za kupanga mawazo si za kupoteza. Anayezikwepa huzilipa aya ya tatu, akifuta.

“Nyumbani napata 7, kwenye mtihani 6”

Uliza kwanza nani aliyekupa hiyo 7. Kama umeandika kwenye simu, simu ilikusahihishia tahajia kimyakimya. Kompyuta ya mtihani inakuonyesha idadi ya maneno lakini haikusahihishii herufi hata moja. Kwa wale ambao r na l hubadilishana viti tangu utotoni, “grobal” itabaki “grobal”. Zima usahihishaji wa simu, au rudi kwenye karatasi kama utafanya kwa karatasi.

Kama 7 hiyo imetolewa na programu ya akili mnemba, ichukulie kama sifa za shangazi. Programu hizo naziona zinafaa sana kwa kazi nyingine: ziambie zikuonyeshe kila “the” iliyokosekana, au zikuulize maswali matatu juu ya hoja yako. Usiziambie zikuandikie upya insha. Utasoma kitu kizuri, utakubali kwa kichwa, na mkono wako hautakuwa umejifunza chochote.

Sababu ya tatu ni saa. Insha ya dakika 70 na chai katikati siyo zoezi la mtihani huu.

“Naandika kila siku na sipandi”

Kwa sababu kila siku unaandika insha mpya yenye makosa ya jana. Punguza ziwe mbili kwa wiki. Jumatatu andika kwa saa, Jumanne usiiguse, Jumatano isome kwa kalamu zile nne, Alhamisi iandike tena insha hiyohiyo kutoka mwanzo bila kuitazama. Rasimu ya pili ndiyo inayofundisha, na ndiyo watu hawaifanyi kwa sababu inachosha na haina raha ya kuanza upya. Ya pili iandike Ijumaa, uifanyie vivyo hivyo wiki inayofuata.

“Mimi nadhani wamenionea”

Inawezekana. Unaweza kuomba kusahihishwa upya ndani ya wiki sita tangu tarehe ya mtihani. Unalipa, na alama ikibadilika unarudishiwa fedha. Kabla ya kulipa, zitoe zile insha tatu ulizoziandika kwa saa. Kama zinakaribia 7 na kuandika kwako kumeachwa mbali na sehemu nyingine, bahatisha. Kama kalamu ya sarufi imezijaza kuanzia juu hadi chini, fedha hiyo ina kazi nyingine.

Kwa aliyefanya kwa kompyuta, vipo vituo vinavyoruhusu kurudia sehemu moja tu ndani ya siku 60, ukaacha tatu nyingine kama zilivyo. Kituo chako kikiwa na huduma hiyo, piga simu kwanza kwa chuo au taasisi unayoomba uulize kama inayapokea matokeo ya namna hiyo. Zipo zisizoyapokea.